Kuitumia oili chafu, au kuitupa kwa kuzunguka?

Bolti ya sampu, chombo cha oili chini ya injini, ikishalegezwa, oili nyeusi humwagika kwa nguvu, halafu huwa uzi mwembamba, halafu matone. Katika dakika hizo za matone ndipo fundi huuliza: "Bosi, hii oili unaondoka nayo au niibakishe?" Mteja mmoja atamwambia abaki nayo. Mwingine ataomba ajaziwe kidumu, kuna nguzo za uzio anataka kuzipaka. Wa tatu hata hajasikia, macho yako kwenye simu. Nimewahi kuwa wote watatu kwa nyakati tofauti, na mara zote nilitoka gereji nikiamini jambo limekwisha.

Halijakwisha. Kila ukimwaga oili ya gari unabaki na vitu vinne: oili chafu iliyotoka, oili mpya iliyosalia kwenye galoni, galoni lenyewe likishakuwa tupu, na filta ya zamani. Vyote tunaviita mabaki, na kwa kuwa tumelelewa tusitupe kitu ambacho bado kina kazi, tunavitafutia kazi. Hapo ndipo ninapotaka kugombana kidogo na wenzangu wapenda kuokoa. Kazi nyingi tunazoipa oili chafu si kuitumia tena. Ni kuitupa kwa kuzunguka. Inapitia kwenye mbao, kwenye mnyororo wa msumeno, kwenye vumbi la barabara, kisha inafika palepale ambapo ingefika kama ungeimwaga mtaroni siku ileile. Kilichoongezeka ni miezi michache, na usingizi mzuri kwa mwenye gari. Kwa hiyo kila nikiambiwa matumizi mapya ya oili chafu huwa nauliza kitu kimoja: kazi hiyo ikiisha, oili itakuwa wapi?

Nianze na ile mpya iliyosalia, maana ndiyo rahisi na ndiyo inayodharauliwa kuliko zote. Injini haijali ujazo wa makopo ya dukani. Yenyewe inataka lita 3.6, au 4.3, huku oili ikiuzwa kwa lita 1, 4 au 5. Kila mara kinabaki kisehemu, na kisehemu hicho huishia kwenye kona ya gereji kikiwa na kifuniko nusu wazi, hadi siku mtu anapokiona na kukitilia shaka. Oili mpya haiozi upesi hivyo. Ikikaa kwenye chombo chake, kifuniko kimekazwa, mahali pakavu pasipopigwa na jua, inaweza kukaa miaka. Watengenezaji wengi hutaja miaka kama 5. Adui wake ni unyevu. Galoni lililofungwa ovyo huvuta hewa kila linapopoa usiku, na hewa haiji peke yake. Ukiona oili imegeuka rangi ya maziwa, au kuna ute uliolala chini ambao hauondoki hata ukitikisa, isirudi kwenye injini. Andika kwa kalamu ya wino mzito tarehe uliyofungua na namba ya gari uliyoinunulia. Ni kazi ya sekunde kumi, na ndiyo inayoamua kama mwaka ujao utakuwa na oili au utakuwa na kitendawili.

Kazi bora ya masalia hayo ni ileile yaliyonunuliwa: kuongezea injini kijiti cha kupimia kinapoonyesha imepungua. Watu huogopa kuchanganya oili za kampuni mbili, na kwa hili huwa nawatoa hofu, kwa sababu oili za injini zenye viwango vinavyotambulika hupimwa kama zinakubali kuchanganyika bila kutengana. Lakini kukubali kuchanganyika si kuwa sawa. Ukimimina masalia ya oili nyepesi ya 5W-30 juu ya masalia ya oili nzito ya 20W-50 hupati oili ya namba ya katikati. Unapata oili isiyo na namba. Gereji zenye pipa la masalia, ambalo kila galoni humalizikia humo, zina pipa la oili ambayo hakuna anayeweza kusema itafanya nini asubuhi ya baridi. Kwa pikipiki ni hatari zaidi, kwa kuwa klachi za pikipiki nyingi zinaogelea ndani ya oili ileile ya injini. Oili nyingi za magari zinazotengenezwa kubana matumizi ya petroli zina kemikali za kupunguza msuguano, na klachi huishi kwa msuguano, ikilainishwa inateleza. Ndiyo sababu oili ya pikipiki za aina hiyo huandikwa JASO MA, alama ya kiwango cha Kijapani. Na oili yoyote ile, mpya au chafu, isikaribie mfumo wa breki: mpira wa ndani humo huvimba ukikutana na mafuta ya aina hiyo.

Kisehemu kidogo mno kisichotosha kuongezea injini kiende kwenye bawaba, kwenye makufuli, kwenye meno ya mkasi. Matone machache yanayochukua nafasi ya oili ambayo ungeinunua. Hapo sina ugomvi na mtu.

Ugomvi unaanza kwenye ile nyeusi.

Kiswahili kimeipa jina zuri kuliko tunavyojua. Tunasema oili chafu, hatusemi oili mbovu. Kilichooza huwezi kukirudisha, ila kilichochafuka husafishwa, na kikemia jina hilo limelenga palepale. Robo tatu au zaidi ya oili ya injini ni mafuta ya msingi. Sehemu iliyobaki ni kemikali za nyongeza, zile ambazo mafundi huziita dawa: za kuosha, za kuyashika masizi yasigandamane, za kuzuia povu na kutu, na ile yenye zinki na fosforasi inayotangulia kuumia pale chuma kinapotaka kugusa chuma. Kinachochoka ni dawa. Mafuta ya msingi hubaki karibu kama yalivyoingia, ila sasa yamebeba mzigo. Hata weusi wenyewe tunausoma vibaya. Oili iliyokuwa nyeusi baada ya maelfu ya kilomita si lazima iwe imeharibika, kwa sababu nyeusi imeonyesha kwamba imeyabeba masizi badala ya kuyaacha yagande kwenye pistoni.

Mzigo huo ni upi? Masizi, maji yaliyotokana na mwako, petroli au dizeli iliyopenya pembeni mwa ringi za pistoni, asidi, chembe za chuma, shaba, alumini na risasi kutoka kwenye beringi, na wakati mwingine maji ya rejeta kama gasketi imeachia. Kuna pia zile kemikali zinazozaliwa mafuta yanapoungua nusunusu, ambazo baadhi yake, kama benzopirini, zinajulikana kusababisha saratani. Zamani risasi ilikuwa nyingi zaidi kwa sababu ilitiwa kwenye petroli makusudi. Nchi ya mwisho duniani kuacha kuuza petroli ya aina hiyo kwa magari ilikuwa Algeria, mwaka 2021. Kwa hiyo oili chafu ya leo ni afadhali kuliko ya enzi za babu zetu. Afadhali tu.

Hapa hujitokeza mtu mwenye kitambaa. Ataiacha oili itulie kwenye ndoo wiki mbili, achuje kwa kitambaa, kisha kwa karatasi, na atakuonyesha chupa yenye oili inayopenyeza mwanga. Nakubali inapendeza. Lakini chembe za masizi ni ndogo mno, nyingi hazifiki hata mikroni 1, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita, na ile dawa ya kuyashika masizi iliwekwa makusudi ili zisitulie chini. Filta ya gari yenyewe, iliyotengenezwa kiwandani kwa kazi hiyohiyo, inaziachia zipite. Asidi na petroli havichujiki hata kidogo kwa sababu vimeyeyuka ndani ya oili. Kitambaa kimetoa uchafu unaoonekana, na dawa zilizokwisha hazijarudi. Oili hiyo ikiingia kwenye injini itafanya kazi kwa siku kadhaa, na muda huo ndio unaowafanya watu waape kwamba inafaa.

Wapo pia wanaoisafisha kwa asidi ya salfa na udongo wa kunyonya rangi. Hiyo haikubuniwa uchochoroni. Ndiyo njia ambayo viwanda vilitumia kwa miongo mingi, na viwanda vilianza kuiacha kwa sababu kila shehena iliacha matope ya asidi yaliyo mabaya kuliko oili yenyewe. Anayeifanya nyuma ya nyumba ametengeneza tatizo la pili ili kuficha la kwanza.

Kuhusu ngozi, historia imesema mapema. Mwaka 1775 daktari wa upasuaji wa London, Percivall Pott, aliandika kuhusu saratani ya mfuko wa korodani kwa wasafisha mabomba ya moshi, akayalaumu masizi. Karne moja na nusu baadaye, mwaka 1922, madaktari wa Manchester walieleza saratani ya aina hiyohiyo kwa wanaume wa viwanda vya kusokota pamba, ambao nguo zao zililowa kila siku mafuta ya mashine. Leo shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, limeyaweka mafuta ya madini yasiyosafishwa, au yaliyosafishwa kidogo tu, kwenye kundi lake la kwanza, la vitu ambavyo vimethibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Hakuna haja ya kuogopa tone moja lililokurukia. Nawa kwa sabuni, basi. Wa kuhurumiwa ni fundi mwenye kitambaa kimoja kinacholala mfuko wa nyuma wa suruali mwaka mzima. Na mbwa mwenye upele anayepakwa oili chafu kisha ajirambe, naye hakuulizwa.

Tuje barabarani. Kumwagia oili vumbi la barabara ni wazo lililopendwa sehemu nyingi za dunia, na kwa siku chache vumbi hutulia kweli. Mji mdogo wa Times Beach, jimbo la Missouri, Marekani, ulifanya hivyo mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mkandarasi aliyenyunyizia alikuwa amechanganya oili chafu na taka za kiwanda cha kemikali zilizokuwa na daioksini, kemikali yenye sumu kali, na hakuna mkazi aliyejua. Farasi walikufa kwenye mazizi mengine ya jimbo hilo yaliyonyunyiziwa na mkandarasi huyohuyo. Ilichukua hadi mwishoni mwa mwaka 1982, udongo ulipopimwa na mafuriko yakapita juu yake, ndipo ukweli ukawafikia watu. Mwaka 1983 serikali iliamua kununua mji mzima. Wakazi zaidi ya 2,000 walihama, na hakuna aliyerudi. Mtu ataniambia lile lilikuwa kosa la daioksini, oili haina hatia. Ni kweli nusu. Oili chafu ni mpakizi: inapakia chochote kilichotumbukizwa ndani ya pipa lake, na kwa macho yote ni nyeusi. Aliyekuuzia dumu la lita 20 hajui kilichomo, na wewe hujui.

Mbao ndiyo kesi ngumu, maana inatetewa na watu ninaowaheshimu. Nguzo iliyopakwa oili chafu hulowa maji polepole, na mchwa huikwepa kwa muda. Nimeona nguzo hizo kwa macho yangu na sitasema hazipo. Lakini oili ya injini haikutengenezwa kuua kuvu wala wadudu. Inakaa juujuu, haiingii ndani ya ubao kama dawa inayosukumwa kwa mgandamizo kiwandani, na haikauki kama mafuta ya kitani. Jua huipasha ikachuruzika, mvua huisukuma chini, na baada ya misimu michache unarudi na brashi. Jiulize kwa nini unarudi na brashi. Ile ya kwanza imekwenda wapi? Iko kwenye mviringo wa udongo kuzunguka nguzo, pamoja na risasi yake na zinki yake. Ukipaka mara tano umemwaga oili mara tano, ila kwa brashi. Kuhusu kupaka mbao za kumwagia zege ili zisinate, oili hubaki kwenye uso wa zege na nyingine huenda na maji ya kuoshea. Msumeno wa mnyororo ndio ulio wazi kuliko yote: oili ya mnyororo imeumbwa kurushwa. Hakuna hata tone linalorudi.

Kuichoma kunahitaji mizani tofauti, maana oili chafu ina joto jingi, karibu sawa na mafuta mazito ya tanuri. Nani anaichoma ndilo jambo lenyewe. Tanuri la saruji hupika klinka, mawe yanayosagwa kuwa saruji, kwa joto la karibu nyuzi 1,450, moto wenyewe ukiwa mkali zaidi ya hapo; kemikali za kansa huvunjika, na sehemu kubwa ya madini hufungwa ndani ya klinka. Jiko la kujitengenezea kwa pipa, lenye oili inayodondokea bakuli la chuma lililowaka jekundu, halifiki huko. Metali haziungui, mtu asikudanganye. Zikipanda bombani hushuka na moshi, na kwa kawaida hushukia jirani. Marekani huruhusu gereji kuchoma oili yake yenyewe kwenye hita maalumu yenye ukomo wa ukubwa na bomba linalotoa moshi nje. Hiyo naielewa. Jiko la pipa ndani ya banda sielewi.

Sasa lile galoni tupu, ambalo kwa maoni yangu ndilo linalostahili mjadala mrefu kuliko unaopata.

Ni chombo kizuri mno, na uzuri wake ndio unaoleta taabu. Plastiki ngumu, ile yenye namba 2 kwenye pembetatu ya mishale chini yake, mpini imara, kifuniko cha nyuzi kisichovuja. Mtu yeyote mwenye akili atalitazama aone chombo cha maji. Tatizo ni kwamba plastiki hiyo na oili vyote ni watoto wa mafuta ghafi. Oili haikai juu ya ukuta wa galoni tu, kiasi chake huzama ndani ya plastiki, na sabuni haiwezi kuifuata huko. Ndiyo maana galoni lililooshwa mara kumi bado linanuka likianikwa juani. Lisiwe la maji ya kunywa, lisiwe la kitu chochote kitakachoingia tumboni, na lisiwe la petroli pia, kwani petroli ina vyombo vyake vilivyopimwa.

Mafuta kuvishwa vazi la mafuta mengine si hofu ya kinadharia. Mwaka 1959, Meknes nchini Morocco, wafanyabiashara walinunua mabaki ya oili ya injini za ndege za jeti yaliyotoka kwenye kambi ya jeshi la Marekani, wakayachanganya na mafuta ya kupikia na kuyauza. Oili hiyo ilikuwa na kemikali ya fosfeti inayoua neva. Watu wapatao 10,000 walipooza miguu na mikono. Uhalifu huo ulikuwa wa makusudi, lakini ulianza mahali pa kawaida kabisa: ziada iliyouzwa kwa bei nafuu kwa mtu ambaye hakuulizwa anaipeleka wapi.

Galoni tupu lina mpenzi mwingine, ambaye hulilipia vizuri likiwa na lebo safi na kifuniko chake. Huyu ni mwenye kujaza oili bandia. Lebo, mpini, hata alama ya kiwanda chini ya chombo, vyote ni halisi. Ni kilichomo tu ambacho sicho. Kwa mtindo huo, anayepanga magaloni yake matupu kwa unadhifu nje ya lango anamfanyia kazi mtu asiyemjua, na siku moja anaweza kuinunua oili hiyo mwenyewe, ndani ya galoni lake la zamani. Ukiwa umemaliza nalo kabisa, litoboe na uchane lebo. Najua inauma kutoboa kitu kizima. Mimi hutumia bisibisi na sigeuki nyuma.

Lakini usilitoboe mapema. Kazi ya pili iliyo bora kwa galoni la oili ni kubeba oili chafu kurudi inakopokelewa. Ujazo unalingana, kifuniko kinafunga, plastiki imeshazoea. Na kabla ya hapo, kuna oili mpya iliyoganda kwenye kuta ambayo uliilipia. Ligeuze kichwa chini juu ya faneli na uliache lidondoke usiku kucha. Utashangaa kinachopatikana asubuhi, na hicho ni kisafi, kinaingia kwenye injini. Anayelisaga galoni hilo baadaye atakushukuru pia. Utando wa oili hufanya vipande vya plastiki viteleze kwenye mashine, vinuke, visishikane vizuri, na kuviosha kunazalisha maji machafu yanayodai usafishaji wake. Plastiki ya aina hiyo, ikipatikana bila oili, hugeuka mabomba ya mifereji, paleti za kubebea mizigo, hata galoni jipya la oili. Wasiofika kiwandani wanaweza kukata nusu ya juu ikawa faneli na nusu ya chini ikawa beseni la kuoshea vipuri. Chombo cha oili kikibaki kwenye kazi za oili, sina neno.

Kurudi inakopokelewa, nimesema. Kuna nini huko?

Kwanza maji na petroli hutolewa kwa joto. Kisha oili hukenekwa, yaani huvukizwa na kupozwa tena, ndani ya ombwe, chombo kilichoondolewa hewa, ikitandazwa utando mwembamba, kwa sababu ukiipasha hadi ichemke kwenye hewa ya kawaida itavunjika kabla haijachemka. Kinachobaki chini, chenye metali na dawa zilizochoka, huingia kwenye lami. Mafuta yaliyopanda hupitishwa kwenye haidrojeni yenye mgandamizo mkubwa ili salfa na takataka nyingine zitoke. Mwisho wake ni mafuta ya msingi ambayo yakitiwa dawa mpya hupita vipimo vilevile vya oili iliyotoka kisimani. Kwa hesabu ya shirika la mazingira la Marekani, EPA, galoni 1 ya oili chafu, yaani kama lita 3.8, hutoa oili ya kulainisha sawa na ile inayopatikana kwenye pipa zima la mafuta ghafi, lita 159. Hesabu hiyo inapendelea kidogo upande wetu, maana sehemu nyingine ya pipa haipotei, inakuwa petroli na dizeli. Ile ninayoiamini zaidi ni ya nishati: kuisafisha oili chafu hula karibu theluthi moja ya nishati ya kutengeneza oili kutoka mafuta ghafi.

Kama ni nzuri hivyo, mbona haijai kila mahali? Kwa sababu ukusanyaji haujilipi kila siku. Katikati ya mwaka 2014 pipa la mafuta ghafi lilikuwa juu ya dola 100. Mwanzoni mwa 2016 lilikuwa limeporomoka chini ya 30. Wakusanyaji nchini Marekani, ambao walikuwa wakizilipa gereji ili wachukue oili yao, walianza kuzitoza. Oili ilikuwa ileile, bei ya kitu kingine ndiyo iliyobadilika. Gereji inayoombwa ilipie kitu ambacho jana kiliiletea pesa hujaribiwa vibaya sana na mtaro ulio nyuma yake. EPA hiyohiyo inasema oili chafu ya kumwaga gari mara moja inaweza kuharibu maji matamu kiasi cha galoni milioni 1.

Nchi zilizofaulu hazikuliachia soko peke yake. Ujerumani Magharibi ilitunga sheria ya oili chafu mwaka 1968, na Ujerumani ya leo humlazimu muuzaji wa oili ya injini kupokea bure oili chafu kwa kiasi kilekile alichomuuzia mteja. Italia iliunda kwa sheria, mwaka 1982, muungano wa lazima unaogharimiwa na ada kwenye oili mpya, na sehemu kubwa mno ya wanachokusanya husafishwa na kurudi kuwa oili. Katika majimbo kadhaa ya Kanada ada hutozwa kwenye oili, kwenye filta, na kwenye galoni pia kulingana na ujazo wake, kisha anayekusanya hulipwa kutoka kwenye mfuko huo. Napenda kwamba galoni limehesabiwa. Wanaotunga sheria za oili wengi husahau kwamba oili haitembei uchi.

Asiye na mkusanyaji karibu ana haki ya kuniuliza nataka afanye nini. Jibu langu halina mvuto: ahifadhi. Oili chafu kwenye galoni lililofungwa, kwenye kivuli, haimdhuru mtu na haipungui thamani. Pipa la lita 200 kwenye gereji, lenye mfuniko, ndilo linalomfanya mwenye lori aone safari inamlipa. Kinachoua thamani yake ni mkono mvivu: kidogo cha maji ya rejeta, kidogo cha oili ya breki, kidogo cha thina ya kuoshea brashi. Ndoo moja ya thina inaweza kuligeuza pipa zima kuwa taka ya sumu ambayo hakuna kiwanda kitakachoigusa. Nikiwa mwenye gereji ningekuwa mkali juu ya pipa hilo kuliko juu ya kisanduku cha pesa.

Imebaki filta, ambayo ni chuma kizuri kilichojazwa karatasi na oili. Itoboe mgongoni ingali na joto, ili hewa iingie, uilaze tundu likiangalia beseni kwa saa 12. Kinachodondoka kinaungana na oili chafu, nayo filta inaenda kwa mnunuzi wa vyuma. Asubuhi utakuwa na galoni lililojaa, zito, kifuniko kimekazwa. Jina la kampuni bado linang'aa mbele yake. Chukua ile kalamu ya wino mzito, ulikate jina hilo kwa mistari miwili, na pembeni uandike kwa herufi kubwa: OILI CHAFU.